Mwalimu wa malezi, simu 116, mchungaji au hospitali: kijana aliyeelemewa aanzie wapi?

Mtoto wa miaka 15 haji tena mezani kula na wenzake. Alama zimeporomoka, usiku hapati usingizi, na ukimuuliza anakujibu, "Niko poa." Mzazi akishtuka huanza kuulizia: daktari mzuri yuko wapi, mtumishi mwenye upako ni nani, nani anamfahamu mnasihi. Nimekuwa mwalimu wa malezi katika shule ya bweni kwa miaka mingi, na ushauri wangu ni kwamba maswali hayo yasubiri kidogo. Tanguliza moja: huyu mtoto anazuiwa na nini?

Kuna anayeogopa kujulikana. Kuna asiye na nauli. Kuna ambaye mwenyewe yuko tayari lakini baba amekataa. Na kuna ambaye haoni kama anaumwa. Anajiona mvivu, au mbaya, au amelaaniwa. Hawa wanne hawawezi kuanzia mahali pamoja. Anayeogopa macho ya watu ukimkalisha kwenye benchi la kliniki ambako jirani anapita, hutamwona tena hapo, hata kama daktari aliyemo ndani ni bingwa. Kwa hiyo nitalinganisha njia tulizonazo Tanzania bara kwa kuangalia kila moja inaondoa kizuizi gani na inaongeza kipi.

Palipo na hatari, usilinganishe

Kama anazungumzia kufa, ameanza kugawa vitu vyake, ameandika ujumbe wa kuaga, au umekuta ameficha vidonge au sumu ya panya, hakuna cha kuchagua. Mpeleke hospitali iliyo karibu, usiku huohuo, na asiachwe peke yake hata chooni. Dawa za kuulia wadudu wa shambani zitoke nyumbani. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpandikizii wazo. Wengi hupumua waliposikia kuna mtu aliyethubutu kulitaja.

Hapa kuna kizuizi cha kisheria ambacho familia nyingi zinakijua kwa fununu tu. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinasema kujaribu kujiua ni kosa. Kenya walikuwa na kifungu kama hicho, cha 226, na Mahakama Kuu ikakitangaza kuwa kinyume cha Katiba Januari 2025, kwetu bado. Matokeo yake ndugu hufika mapokezi na kusema mtoto "amekunywa kwa bahati mbaya". Naelewa hofu yao. Lakini mhudumu lazima ajue alikunywa nini, kiasi gani na saa ngapi, kwa sababu tiba inategemea hayo matatu. Jina la dawa usilifiche, na kama kopo au paketi ipo, nenda nayo.

Mwalimu wa malezi

Naanza na kazi yangu, msije mkadhani navutia kamba kwangu.

Uzuri wa mwalimu wa malezi, na wa matroni au patroni, ni kwamba yupo. Hakuna nauli wala foleni. Anajua nani hajaonekana bwaloni tangu juzi na nani siku hizi analala darasani. Anaweza kumwombea mtoto ruhusa ya kwenda hospitali bila darasa zima kujua anakwenda kwa lipi, na hilo tu ni msaada mkubwa.

Ubaya wake kila mwanafunzi anaujua. Katika shule nyingi mwalimu huyo ana mzigo wa vipindi kama wenzake, na pengine yumo pia kwenye kamati ya nidhamu. Viboko bado vinaruhusiwa shuleni kwa kanuni za mwaka 1979. Mtoto uliyemchapa Jumatatu hatakuja kulia mbele yako Jumanne. Wasichana wana sababu yao ya ziada: kwa miaka mingi aliyebainika kuwa na mimba aliondolewa shuleni, na ruhusa ya kurudi ilitolewa Novemba 2021 tu. Dada zao ndio waliofukuzwa. Msichana ambaye kinachomnyima usingizi ni kwamba hajaona siku zake hatamfuata mwalimu, hata ukimsomea waraka wa Wizara neno kwa neno. Halafu kuna ofisi yenyewe: chumba kimoja, meza zimebanana, na jambo analoambiwa mwalimu wa meza ya kwanza linasikika mpaka meza ya tatu.

Ukitaka kujua kama shule ya mwanao ina mtu wa kuaminika, usimuulize mkuu wa shule. Muulize mtoto, "Hapa ni nani ukimwambia jambo halifiki stafu?" Watoto hawakosei katika hili. Pengine atakutajia mwalimu wa michezo, pengine mpishi, pengine matroni ambaye hajawahi kusomea unasihi. Mchukue huyohuyo. Kazi yake itakuwa kusikiliza na kumfikisha mtoto mbele; kutibu kuna wenyewe.

Simu 116

Huduma ya Simu kwa Mtoto, inayoendeshwa na shirika la C-Sema, inapatikana saa 24 na haitozwi. Mtoto anaweza kupiga mwenyewe bila kutaja jina, na mtu mzima anaweza kupiga kwa niaba yake. Kwa anayeogopa kujulikana hakuna njia iliyo nyepesi kuliko hii. Kwa ambaye chanzo cha maumivu yake kimo ndani ya nyumba (baba wa kambo, mjomba, mpangaji) ndiyo naipa nafasi ya kwanza, kwa kuwa wanaopokea simu wanaweza kumuunganisha na afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi bila kupitia kwa mtu anayemuumiza.

Lakini tuseme ukweli kuhusu simu na watoto wetu. Shule nyingi za bweni zinakataza simu. Ikikutwa hukamatwa, na mwenye nayo anaweza kusimamishwa masomo. Kwa mwanafunzi wa bweni, basi, 116 ni namba ya likizo, labda matroni awe tayari kumwazima simu yake na kutoka nje. Nyumbani nako simu ni ya mama, na familia inaishi vyumba viwili vyenye dari moja. Mtoto atasemea wapi mambo ya moyoni? Nimeona inayosaidia ni hii: mtume dukani na simu, mwambie asiharakishe, usimuulize alimpigia nani. Kwa watoto wengine muda huo bila kufuatwa ndio msaada wote waliouhitaji kutoka kwetu.

Simu haipimi damu wala haiandiki dawa, na sauti uliyozungumza nayo leo si lazima uipate tena kesho. Inafaa kuanzia, na inafaa saa nane za usiku. Kama hali imedumu wiki nyingi, ikuelekeze pa kwenda, kisha uende.

Kwa mchungaji, padri au shehe

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo familia nyingi zinapoanzia, na wanaotoa ushauri kwa maandishi huparuka kana kwamba ni aibu.

Kiongozi wa dini ana vitu ambavyo hospitali haina. Yuko karibu, hatozi, familia inamheshimu, na akisema neno baba analisikia. Yule baba aliyekataa katakata, anayesema "katika ukoo wetu hakuna vichaa", hatabadilishwa na mwalimu wala na nesi. Atabadilishwa na shehe wake akimwambia baada ya swala, "Mzee mwenzangu, mpeleke kijana hospitali, na dua tutaendelea nayo." Nimewaona wachungaji wakimsindikiza mtoto hadi kliniki na kukaa naye kwenye benchi. Kwa kizuizi cha mzazi, hawa hawana mshindani.

Kinachonitia wasiwasi ni muda na masharti. Muda, kwa sababu maombi ya wiki moja hugeuka ya miezi mitatu, na mtoto ameshaacha shule. Masharti, kwa sababu kuna mahali mgonjwa huambiwa aache dawa ili aonyeshe imani, afunge kula wakati tayari amekonda, alale kambini mbali na wazazi, au afungwe kamba. Ukisikia moja tu kati ya hayo, mchukue mtoto wako uondoke. Huna haja ya kubishana.

Mzazi anayeamini ni jini au kurogwa simbishii. Nikimbishia nampoteza, na mtoto namkosa. Namwambia tufanye yote mawili wiki hii hii: kisomo au maombi jioni, hospitali asubuhi. Wanaokubali ni wengi kuliko unavyodhani, kwa kuwa hakuna walichonyang'anywa.

Kuna jambo la shule za wasichana ambalo huamuliwa vibaya sana: wanapoanza kuanguka na kupiga mayowe, mmoja, kisha watano, kisha bweni zima. Huitwa mapepo, anatafutwa mwombaji, na baada ya siku mbili wanaanguka tena. Hili si geni. Mwaka 1962 katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, karibu na Bukoba, wanafunzi watatu walianza kucheka na kulia bila kujizuia, na mwishowe 95 kati ya 159 wakapatwa; shule ikafungwa. Madaktari walipochunguza hawakuona sumu wala vijidudu. Maelezo yanayokubalika hadi leo ni msongo unaotokea kwenye miili ya wasichana waliobanwa mahali pamoja bila njia ya kusema. Mwombaji aitwe, sina neno. Ila mtu akae pia na yule wa kwanza aliyeanguka, faraghani, amuulize nini kilitokea bwenini au nyumbani kabla ya siku hiyo.

Hospitali

Neno "Mirembe" limewaharibia wengi. Hospitali ile ya Dodoma imekuwepo tangu miaka ya 1920, na jina lake, ambalo mtaani hugeuka Milembe, limekuwa tusi la vijiweni. Kwa hiyo kijana akisikia "kliniki ya afya ya akili" anawaza nguo za sare, minyororo na kutorudi tena nyumbani. Mwambie ukweli: karibu wote wanaokwenda kliniki hizo huondoka siku hiyohiyo. Na hana haja ya kwenda Dodoma. Anza na hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa. Hospitali kubwa kama Muhimbili, KCMC na Bugando ni kwa yanayowashinda hao.

Faida ya hospitali ni kwamba ndipo pekee patakapotofautisha sonona (huzuni nzito isiyoisha) na upungufu wa damu, kifafa, bangi au ugonjwa mwingine wa mwili unaofanana nayo. Ndipo pia palipo na dawa, zinapohitajika. Hazihitajiki kila mara. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa wahudumu wasio mabingwa unataka vijana balehe waanze na mazungumzo na msaada wa kijamii, na dawa ije baadaye, ikiwa ni fluoksetini. Amitriptilini, ambayo imezagaa kwenye vituo vyetu, mwongozo huo unaikataa kwa sonona ya watoto na vijana wa umri huu. Ukiandikiwa, uliza kwa adabu: "Daktari, hii inafaa kwa umri wake, na ni kwa ajili ya nini?" Pengine ni ya maumivu ya kichwa. Usiondoke bila jibu, na zilizobaki zifungie kabatini, kwa sababu zikinywewa nyingi kwa pamoja zinaua.

Sasa vizuizi. Kwa aliye chini ya miaka 18 hospitali kwa kawaida itamtaka mzazi au mlezi. Mkiingia wote wawili, mtoto atasema "niko poa" mpaka mwisho wa dunia. Omba mwenyewe: "Naomba nitoke kidogo azungumze nawe." Daktari mwenye haraka huenda asifikirie hilo, lakini ukiomba hakatai. Kuhusu pesa, kabla hujakata tamaa pita ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali yenyewe, maana ndiyo inayoshughulikia maombi ya msamaha. Na kama kinachomtisha ni kibao cha kliniki, aanzie zahanati na kile anachokubali kukisema: kichwa kinauma, tumbo, moyo unakwenda mbio, usingizi hakuna. Hiyo si hila. Vijana wengi ndivyo wanavyougua, na mganga wa zahanati anaweza kumwandikia rufaa.

Rafiki yake, mnasihi wa kulipia, mganga

Rafiki hachaguliwi na mzazi, ila ndiye anayeambiwa kwanza. Kenya, taasisi ya Shamiri iliwatumia vijana waliomaliza sekondari karibuni kuongoza vikundi vya wanafunzi, vikao vinne tu, saa moja kila wiki. Jaribio lao kwa wanafunzi 413, lililochapishwa na jarida la JAMA Psychiatry mwaka 2021, lilionyesha dalili za sonona na wasiwasi zikipungua zaidi kuliko kwa waliofundishwa mbinu za kusoma. Hao lakini walifundishwa na kusimamiwa. Rafiki wa mwanao hakufundishwa, kwa hiyo mwambie kitu kimoja tu: siri zote atunze, isipokuwa ya mtu anayetaka kufa.

Mnasihi binafsi anafaa kama pesa ipo na yeye ana cheti anachokubali kukionyesha. Wengi wako Dar es Salaam, Arusha na miji mikubwa. Baadhi wanahudumia kwa simu. Muhimu uwe na uwezo wa kulipia vikao kadhaa. Kimoja cha gharama kubwa kisha kimya humwacha mtoto vibaya.

Mganga wa jadi sitamlinganisha. Kama familia imeshakwenda, mweleze daktari ni dawa gani mtoto amepewa.

Kwa mkato, kwa anayesoma akiwa kwenye daladala

| | Nani atajua | Pesa | Mzazi anahitajika? | Kinachokosekana |
|---|---|---|---|---|
| Mwalimu wa malezi | Pengine stafu nzima | Hakuna | Hapana | Faragha, utaalamu |
| 116 | Hakuna | Hakuna | Hapana | Vipimo, dawa, sura ileile |
| Kiongozi wa dini | Familia, labda waumini | Hakuna, au sadaka | Huja naye | Uchunguzi, huchelewesha |
| Hospitali | Wanaokuona kwenye benchi | Nauli, kadi, dawa | Kwa kawaida ndiyo | Muda wa kuzungumza |
| Mnasihi binafsi | Hakuna | Nyingi | Ndiye anayelipa | Dawa. Wachache mikoani |

Mimi ningechagua hivi

Anayeogopa kujulikana: 116 kwanza, na baada ya simu moja au mbili aulizwe kama yuko tayari kuonana na mtu. Anayeumizwa nyumbani: 116 pia, au afisa ustawi wa jamii wa kata, na mzazi anayehusika asiambiwe mapema. Asiye na nauli: mwalimu wa malezi, kisha zahanati ya karibu, kisha rufaa. Ambaye baba amekataa: nenda kwa mtu ambaye baba anamwinamia, awe shehe, padri au shangazi mkubwa, mkaongee naye kabla baba hajajua mmeongea. Baba huyo pia asikie kwamba hayuko peke yake: kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, mmoja kati ya vijana 7 wa miaka 10 hadi 19 duniani ana tatizo la afya ya akili. Maana yake, kwa wastani, kwenye darasa la wanafunzi 50 ni kama saba.

Asiyeamini kwamba anaumwa ndiye mgumu kuliko wote, na kwake naanza na rafiki. Baada ya hapo zahanati, kwa sababu ya usingizi. Usingizi hakuna kijana anayeuonea aibu.

Anabaki mmoja ambaye hunijia kila mwaka karibu na Oktoba: mtahiniwa wa kidato cha nne aliyeelemewa, na wazazi wanaotaka asubiri mpaka mtihani wa Novemba upite. Sikubaliani nao. Wiki sita za kutolala zitamgharimu zaidi ya asubuhi moja ya kliniki. Omba miadi ya mwanzo wa mwezi, chukua barua ya hospitali isiyotaja ugonjwa, mpe mkuu wa shule mkononi. Dawa zikae kwa matroni, pamoja na za wenye pumu na wenye selimundu, na matroni aahidi jambo moja: hatamwita jina lake mstarini aje kunywa.